Upande wa Pili wa Kanda za Amoni

RESTUTA: Haloo! Mulishani mukwai? Kama ni vitenge vya jumla vimeingia jana, njoo tu.

TABITA: Haloo? Wifi?

RESTUTA: Nani mwenzangu?

TABITA: Ni mimi, Tabita. Wa Isansa.

RESTUTA: Aaa! Wifi! Nikadhani Mzambia. Mbona namba ngeni?

TABITA: Simu ya Brayan hii, mjukuu wangu. Yangu imezima chaji. Shikamoo wifi.

RESTUTA: Marahaba. Hamjambo huko? Kahawa je?

TABITA: Tunachuma. Siyo nyingi, ila tunachuma. Na ninyi Tunduma—

RESTUTA: Sisi wazima, vumbi tu na malori. Sema wifi, nina watu dukani. Mmekwama saruji?

TABITA: Saruji ipo. Nilikuwa nataka ushauri tu. Wewe ni mtu wa duka, vitu unavijua.

RESTUTA: Ushauri ni bure, sema.

TABITA: Kuna kitu kinaitwa saundi kadi.

RESTUTA: [mtandao unakwaruza] Kadi ya nini? Ya harusi?

TABITA: Saundi kadi. Ile ya nje. Inachomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta, halafu na yenyewe ina matundu yake, unaingizia sauti. Nataka unieleze kama inafaa kununua, au ni kutupa hela.

RESTUTA: [anacheka] Mungu wangu! Bibi wa kuanua kahawa na saundi kadi! Umekuwa dijei wifi? Hebu ngoja nikae. Mwajuma, nishikie hapa mizani, nasikia maajabu.

TABITA: Cheka tu, wifi.

RESTUTA: Nacheka kwa kuwa hata kompyuta huna.

TABITA: Ya Brayan ipo. Si unajua ana kibanda Mlowo, anatengeneza redio na simu? Ana laptopu. Ila tundu lake la maiki limekufa, ukichomeka waya inavuma vuuu kama nyuki. Ndiyo amesema tununue hiyo ya nje.

RESTUTA: Ya kufanyia nini?

TABITA: Ya kuingizia kanda.

RESTUTA: Kanda gani?

TABITA: Za Amoni.

[malori yanapita]

TABITA: Haloo?

RESTUTA: Nipo. Mtandao. Umesema kanda za nani?

TABITA: Za kaka yako. Lile begi lililotoka Kitwe, Zambia, pamoja na maiti, nilikuwa sijalifungua. Mwaka mzima lipo juu ya dari. Juzi nikasema, wiki ijayo tunajengea kaburi, acha nilifungue. Shati mbili, wembe, na kanda tisa zimefungwa kwa kitambaa.

RESTUTA: Za muziki hizo. Kaka alipenda muziki wa Kongo.

TABITA: Siyo muziki, wifi. Ni zile zetu. Umesahau? Mimi nimeishia darasa la tatu, barua yake nilikuwa nasomewa na mwalimu mbele ya watu, hata ya chumbani. Ndiyo Amoni akasema hapana, tusemezane kwa kanda. Yeye upande wa kwanza, mimi nijibu upande wa pili, kanda irudi kwake. Wewe ndiye uliyekuwa unazipokea hapo mpakani na kuzivusha.

RESTUTA: Miaka hiyo nilivusha vitu vingi.

TABITA: Alizitunza zote. Kila moja ameandika mwaka.

RESTUTA: Sasa wifi, nikupe ushauri ulioutaka? Usinunue.

TABITA: Haifai?

RESTUTA: Haifai! Zipo hapa madukani, nyingine kama flashi hivi, rangi ya bluu. Wachina wamewamaliza watu. Wiki moja imekufa. Halafu kanda ya miaka thelathini ina nini tena? Imeoza. Utauza mbuzi wako ununue mkwaruzo.

TABITA: Brayan anasema kanda zimechoka, zitaimba mara moja tu. Kwa hiyo lazima zikiimba kompyuta izidake palepale. Bila hiyo kadi—

RESTUTA: Brayan anataka kucheza na hela ya bibi yake.

TABITA: Wifi, mimi si kwa ajili ya kucheza. Ni Yonasi.

RESTUTA: Yonasi amefanyaje?

TABITA: Mwanangu amekataa kuweka tofali.

RESTUTA: Ee?

TABITA: Amesema kaburi la mtu aliyemtupa haligusi. Hata jeneza mwaka jana hakulishika, uliona mwenyewe, alisimama kwenye mibuni na mikono mfukoni. Na kwetu unajua. Mwana wa kwanza asipoweka tofali la kwanza, hakuna wa kuweka la pili. Wazee wamesema Jumamosi Yonasi asipotokea, saruji inarudi ndani na Amoni anabaki na udongo wake kama mtu asiye na mtoto.

RESTUTA: Basi abaki. Aliyapanda mwenyewe.

TABITA: Kaka yako huyo.

RESTUTA: Na mumeo. Aliyekuacha na mimba ukamaliza nguo kwa kumngojea.

TABITA: Ndiyo nikasema, Yonasi akisikia sauti ya baba yake akimtaja jina, akiuliza ana meno mangapi... moyo utashuka. Mtu mzima naye ana masikio.

RESTUTA: Nisikilize mimi. Kanda zote zitie kwenye mfuko, mpe konda wa Kosta, aniletee hapa. Kuna fundi jirani yangu, Aziz, ana mashine kubwa, siyo hivyo vidude. Nitamlipa mimi. Wewe usipoteze hata senti.

TABITA: Zote?

RESTUTA: Zote. Usibakize hata moja, maana fundi anazifanya kwa pamoja.

TABITA: Kwa pamoja.

RESTUTA: Ndiyo wanavyofanya kisasa.

TABITA: Na zitarudi?

RESTUTA: Wifi! Unanionaje? Mimi ni mwizi wa kanda?

TABITA: Naulizia tu. Maana moja tumeshaijaribu.

[Honi ya lori]

RESTUTA: Mmejaribu wapi na hiyo kadi hamna?

TABITA: Kwenye redio tu, kwa masikio. Mteja wa Brayan aliacha redio ya kanda itengenezwe, kijana akaileta nyumbani. Tukaiweka ya tisini na mbili.

RESTUTA: Haikuimba.

TABITA: Iliimba vizuri sana. Amoni alisikika kama yupo hapo nje anavua viatu. Anasalimia, anauliza mahindi, anasema ameagiza blanketi mbili na sabuni kwa mkono wako. Anasema, "Tabita, mbona husemi kitu? Siku ukitaka kunisemesha, utanisemesha."

RESTUTA: Kaka alikuwa na maneno.

TABITA: Zamani nilipoyasikia sikuyaelewa. Nikasema huyu mwanaume vipi? Nimemsemesha mpaka kanda imeisha, yeye anasema sisemi?

RESTUTA: Wifi, wateja wananisubiri—

TABITA: Tukageuza.

RESTUTA: Mlifanyaje?

TABITA: Tuligeuza upande wa pili. Wajukuu wamekaa, na mzee Andongwisye alikuwepo, amekuja kupima kaburi kwa kamba. Nikawaambia, haya sasa, msikieni bibi yenu alivyokuwa binti. Nikajifunika kanga usoni kwa aibu, wifi. Nilikuwa nimemwimbia kidogo mwishoni.

RESTUTA: [mtandao unakwaruza] ...sikusikii vizuri...

TABITA: Ikatoka sauti yako.

RESTUTA: Haloo? Haloo?

TABITA: Unanisikia, wifi. Hata mimi nakusikia unavyopumua.

RESTUTA: Labda nilimsalimia mwishoni. Si kaka yangu? Nikivusha kanda nisimsalimie?

TABITA: Haikuwa mwishoni. Ni mwanzo mpaka mwisho.

RESTUTA: Umesahau kurekodi mwenyewe basi. Hivyo vitufe vilikuwa vinakushinda.

TABITA: Ulisema hivi. "Kaka, mkeo amenirudishia kanda tupu. Amesema hana la kusema. Lakini usijali, mimi dada yako nipo. Shamba siku hizi anachumiwa na Andongwisye, na jioni mtu haondoki. Tulia hukohuko utafute, ukirudi utaumia macho."

RESTUTA: Uongo!

TABITA: Kwa mdomo wako. Andongwisye ameshika kamba yake ya kupimia, anasikia jina lake. Mzee wa kanisa, mtu na mkewe, waliotugawia mbegu mwaka ule wa njaa. Alikaa chini kwenye udongo.

RESTUTA: Iko wapi hiyo kanda?

TABITA: Redio imeila. Ilipofika hapo ikaanza kujikunja, Brayan akairukia, ikakatika vipande vitatu.

RESTUTA: Imekatika?

TABITA: Imekatika.

RESTUTA: [anavuta pumzi] Kwa hiyo haipo.

TABITA: Hiyo haipo.

RESTUTA: Basi kumbe! Sasa unapiga simu kunitisha na nini? Hewa? Wifi, wewe tangu uolewe ni mtu wa kuonewa huruma. Nani atakuamini? Utasimama mbele ya ukoo useme umesikia kwenye redio ya fundi? Kikongwe, masikio yenyewe hayo!

TABITA: Ndiyo nataka saundi kadi.

RESTUTA: Aaa. Sasa nimekuelewa. Nilisema mimi! Huyu hajanipigia kwa ushauri, amenipigia kunitega. Unataka kuniingiza kwenye kompyuta mwanamke mzima, nisikilizwe kama mhalifu.

TABITA: Sijasema hivyo.

RESTUTA: Nunua na nini? Mbuzi mmoja? Ukiuza huyo, ile ndogo utapata, lakini ile ndogo inavuma, hutasikia hata Kristo akirudi. Ile inayosikika ni boksi lenye matundu mekundu na meupe, na bei yake hata ukiongeza na kuku hufiki. Haya, nunua! Tunangoja!

TABITA: Umemaliza?

RESTUTA: Bado! Unajifanya mnyenyekevu, unanipa shikamoo, kumbe kisu kipo kwenye kanga. Unafikiri angerudi kufanya nini huko? Kuchimba mashimo ya mibuni? Kahawa ilikuwa imekufa bei, watu wanang'oa wanapanda mahindi. Yeye huko alikuwa anapata blanketi, vitenge, sabuni. Mimi nilikuwa na watoto watano na mwanaume aliyekwenda kununua viberiti hakurudi. Angerudi kaka, hiki kibanda ningefungua na nini? Wewe ulikuwa na shamba. Mimi nilikuwa na mpaka tu!

TABITA: Blanketi moja lilinifikia.

RESTUTA: Na ushukuru.

TABITA: Nilishukuru. Kwenye kanda. Nilikusifu wewe, wifi, nikasema dada yako ana moyo.

RESTUTA: Sasa unataka nini?

TABITA: Bado lile swali la mwanzo. Kama inafaa kununua.

RESTUTA: Nimeshakujibu!

TABITA: Hapana. Acha niulize taratibu, usinikatize, salio hili si langu. Zimebaki kanda nane. Kama zote nane upande wa pili ni wewe, nifanye nini nazo? Yonasi atamsikia baba yake, sawa, halafu atasikia na shangazi yake. Hilo nitalimeza. Lakini mimi mwenyewe nataka kujua kitu kimoja.

RESTUTA: Kipi?

TABITA: Katika zote, hakuna hata moja uliyoiacha? Moja tu. Ipite na sauti yangu, Amoni aisikie kabla hajafa.

RESTUTA: [anacheka kidogo] Hicho tu?

TABITA: Hicho tu. Ikiwepo moja, nauza mbuzi leo. Ikiwa hakuna, naziacha zioze. Sitaki kununua kitu cha kuniambia nilikuwa naongea na ukuta.

RESTUTA: Wifi wangu. Kumbe bado unampenda, na uzee huo.

TABITA: Ipo au haipo?

RESTUTA: Ipo.

TABITA: [mtandao unakwaruza] Umesemaje? Rudia.

RESTUTA: Nimesema ipo! Moja. Hiyo sikuigusa hata neno.

TABITA: Asante, Mungu. Asante. Ipi? Ile nilipomweleza Yonasi ameanza kutembea? Au ile nilipoimba—

RESTUTA: Ya tisini na tatu.

TABITA: Tisini na...

RESTUTA: Tisini na tatu, wifi. Baada ya mvua kubwa. Umesahau? Ferista.

[kimya kirefu]

RESTUTA: Haloo? Sasa mbona hushukuru?

TABITA: Hiyo siyo.

RESTUTA: Ndiyo hiyo. Ilikuwa siku ya nne tangu mtoto afariki. Ulirekodi unalia, kanda inakwaruza kwa makamasi. "Amoni, binti yako nimemzika mimi na majirani. Usirudi. Wewe si baba wa mtu. Kaa hukohuko, na ukifa, ufie hukohuko, tusikuone." Nilipoisikia hapa dukani nikasema, hii haina haja ya kurekebishwa. Nikaifunga kwa gazeti, ikavuka siku ileile.

TABITA: Wifi.

RESTUTA: Ulitaka ya kwako ifike. Ilifika.

TABITA: Nilikuwa na uchungu. Mtu akiwa na uchungu... Nilirekodi nyingine wiki ya pili. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia aje.

RESTUTA: Ile? Ile niliifuta, nikasema mimi.

[mtandao unakwaruza]

TABITA: Alijibu?

RESTUTA: Nani?

TABITA: Amoni. Alipoisikia ya Ferista. Alijibu?

RESTUTA: Unataka ushauri au unataka kuumia?

TABITA: Alijibu, wifi?

RESTUTA: Alituma kanda. Haikukufikia. Niliipa kwaya ya hapa, walikuwa wanatafuta kanda ya kurekodia, wakaimbia juu yake.

TABITA: Alisema nini?

RESTUTA: Miaka thelathini, nitakumbuka?

TABITA: Maneno yangu umeyakumbuka yote.

RESTUTA: Alilia tu. Mwanaume mzima analia kwenye kanda, upotevu wa betri. Akauliza mtoto amezikwa upande gani wa shamba, wa mto au wa barabara. Alitaka kujua tu upande. Akasema akijua upande atajua pa kupitia akirudi.

TABITA: Na mimi sikumjibu.

RESTUTA: Na wewe hukumjibu. Ndiyo akanyamaza. Kanda nyingine hazikuja, si unakumbuka? Mizigo ilikuja mpaka mwisho, lakini sauti ndiyo basi. Wewe ukadhani ameoa.

TABITA: Wewe ndiye uliyeniambia ameoa.

RESTUTA: Ulihitaji sababu, nikakupa.

TABITA: Mwenye nyumba wake alisema alikuwa anaishi peke yake. Miaka yote hiyo. Chumba na kitanda.

RESTUTA: Sasa nunua! Nunua hiyo saundi kadi, wifi! Mwite Yonasi, mweke mbele, mchezeshee. Mimi atanisikia namdanganya kaka, sawa, mimi shangazi mbaya. Halafu ikija ya tisini na tatu atamsikia mama yake mzazi anamfukuza baba yake. Kwa sauti yake mwenyewe, hakuna aliyeigusa. Tuone atalishika tofali la nani.

TABITA: Tofali la nani.

RESTUTA: Umeona? Ushauri wangu ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Haifai kununua. Zitie kwenye jiko, ziungue, mimi na wewe tubaki na heshima zetu. Mwambie Yonasi lolote. Mwambie baba yako alikuota ndotoni. Watoto wanapenda ndoto.

TABITA: Yonasi ana miaka ishirini na tano... si mtoto. Hapana, nakosea. Ana arobaini na moja. Brayan mwenyewe ana ishirini. Naona miaka imenichanganya.

RESTUTA: Ndiyo nakwambia, uzee.

TABITA: Alikuwa anasoma darasa la sita Ferista alipofariki. Ndiye aliyeshika taa.

RESTUTA: Wifi, tumalize.

TABITA: Hapana, subiri. Nilisema Yonasi ameanza kutembea, ile kanda. Hiyo ilikuwa ya Ferista, siyo Yonasi. Ferista ndiye aliyeanza kutembea. Nimewachanganya watoto wangu mwenyewe, unaona? Sina wa kunikumbusha. Sauti yangu ulifuta, ya baba yao iko kwenye kitambaa. Hata meno ya nani yalihesabiwa sijui tena.

RESTUTA: Kwa hiyo?

TABITA: Kwa hiyo inafaa.

RESTUTA: Nini inafaa?

TABITA: Kadi. Inafaa kununua. Nashukuru umenishauri.

RESTUTA: Umerukwa na akili? Hujasikia nilichosema? Ya tisini na tatu!

TABITA: Nimesikia. Yonasi ataisikia.

RESTUTA: Atakuchukia!

TABITA: Anichukie mimi, nipo hai, nitakaa mlangoni kwake mpaka achoke kunichukia. Baba yake hawezi kukaa mlangoni kwa mtu. Mimi nimesema maneno yale, ni yangu, nitayabeba. Mzazi akitukana akiwa na maiti ya mtoto mikononi, mwanangu atajua kuyapima. Na asipojua, basi.

RESTUTA: [sauti inashuka] Wifi. Tabita. Tuongee kama watu wazima. Nina wajukuu. Nina duka. Sabra wangu anaolewa mwezi wa tisa, posa imetoka Vwawa.

TABITA: Hongera.

RESTUTA: Usinifanyie hivi.

TABITA: Mimi sijafanya. Andongwisye ndiye anataka kukuita kikaoni kesho. Tangu juzi halali. Amechafuliwa jina mbele ya marehemu, na marehemu hawezi tena kusahihishwa. Nimemwambia, mzee, subiri nimpigie kwanza.

RESTUTA: Mwambie nitakuja kumwona. Nitakuja na kitu.

TABITA: Hataki kitu. Sasa sikia. Simu inalia titi hapa, salio linakwisha.

RESTUTA: Kata, nikupigie mimi—

TABITA: Usinipigie. Kesho asubuhi nenda hapo madukani. Inunue wewe.

RESTUTA: Nini?

TABITA: Saundi kadi. Wewe unazijua, umeniambia mwenyewe zipi zinafaa. Mpe konda wa Kosta ya kwanza, Brayan ataipokea Mlowo.

RESTUTA: Ninunue mimi? Ya kunisikilizia mimi?

TABITA: Ikifika, nitawaambia wazee Ijumaa wakupe nafasi useme mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla kanda haijawekwa. Utakaa kwenye mkeka karibu na mimi. Isipofika, nauza mbuzi na kuku, nakopa, naipata hivyohivyo. Lakini hapo hutasema kitu. Utasikilizwa tu.

RESTUTA: Wewe ni mkatili, Tabita. Sikujua.

TABITA: Na mimi nilikuwa sijui. Tumejuana leo.

RESTUTA: Wifi, nakuomba... kwa jina la kaka...

TABITA: Inalia tena. Kwaheri wifi. Salimia wote hapo, Sabra pia—

RESTUTA: Usikate! Usikate kwanza!

TABITA: Nini?

[Mtu dukani anauliza bei ya kitenge]

RESTUTA: Nichukue ipi? Ile ndogo ya bluu, au lile boksi?

TABITA: Isiyovuma, wifi. Yonasi sikio moja halisikii vizu—